Ardmoor Ugenini kwa Stallard

Roslyn Haugen alipanga ratiba ya ligi yetu kwa miaka ishirini na miwili, na mimi niliyekaa naye chumba kimoja cha ofisi kwa miaka kumi na moja sikuwahi kumwona akipanda basi. Nilidhani ni tumbo tu. Kuna watu basi likiwashwa wanaanza kutafuta mfuko.

Ofisi yetu ilikuwa Nebraska, orofa ya pili, juu ya duka la vipuri vya matrekta. Tulikuwa wanne: Roslyn na ratiba zake, mimi na waamuzi wangu, karani mmoja, na bosi wetu Everett Sundquist. Ligi yenyewe ni ya vyuo vidogo, vya mpira wetu wa Kimarekani, ule wa helmeti na mabega ya kuvimba, unaoanza na joto la Septemba na kuishia kwenye theluji ya Novemba. Timu inacheza mara moja kwa wiki, kwa hiyo Jumamosi ni chache kuliko watu wanaozitaka. Nimeona watu wazima wakinuniana miaka mitano kwa sababu ya Jumamosi moja.

Roslyn alikuwa mrefu, mwenye mvi, na sauti yake haikuwahi kupanda. Waamuzi walimheshimu kuliko walivyoniheshimu mimi niliyewalipia nauli. Jambo moja tu lilinishangaza, na lilitokea mwaka wangu wa kwanza. Theluji ilianza kuanguka mchana, naye akachukua funguo za gari aende kwa daktari wa meno. Nikamwambia kama mtu yeyote angemwambia, "Roslyn, endesha polepole."

Akasimama mlangoni. Rangi yote ikamtoka usoni.

"Babiak," akasema, "neno hilo usiniambie tena."

Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyeguswa bega na mkono asiouona. Sikulisema tena, na sikuuliza.

Jambo la pili ni simu. Kila mwezi wa Mei, tukishatangaza ratiba, mwanamke mmoja alipiga. Alisema, "Habari za asubuhi, ni Delphine Pell. Ardmoor wanakwenda Stallard wiki gani mwaka huu?" Roslyn alimjibu mwenyewe kila mara, akiwa amesimama: "Mwaka huu hawaendi, Bi. Pell. Stallard ndio wanakuja kwao." Au, "Wanakwenda Septemba, tarehe tisa." Yule mama alishukuru akakata. Roslyn alibaki ameshika kipokea sauti sikioni kwa muda mrefu baada ya simu kukatika.

Jina la Pell nililijua. Mtu yeyote wa huku analijua. Miaka kumi na sita nyuma, ligi ilipotoka vyuo vinane kuwa kumi, Stallard waliingia, nao wako Montana, milimani, mwendo wa saa kumi na moja kwa basi kutoka Ardmoor. Mwaka uleule wa kwanza Ardmoor walipelekwa huko katikati ya Novemba, Ijumaa jioni, kwa sababu ya televisheni. Walicheza, wakalala, wakaondoka asubuhi. Kimbunga cha theluji kikawakuta kwenye mteremko. Basi likateleza darajani. Wachezaji watatu walikufa pamoja na dereva, Orrin Pell. Penye lango la uwanja wa Ardmoor kuna jiwe jeusi lenye majina matatu. La Orrin halimo. Watu walisema ndiye aliyekimbilia kurudi nyumbani, ndiye aliyeona mbingu imekuwa nyeusi akakaa kimya.

Mwaka wangu wa kumi na moja, ligi ikapanuka tena. Majira yale ya baridi vyuo vinne viliomba kuingia, vikakubaliwa, tukawa kumi na vinne. Bosi alileta keki ofisini. Roslyn hakula.

"Sasa utawapangaje?" nilimuuliza. "Timu kumi na nne, mechi nane za ligi. Hesabu haikubali wote wakutane."

"Haikubali," akasema. "Kila chuo kibaki na majirani watatu wa kila mwaka. Waliobaki ni kumi, unawagawa nusu kwa nusu, watano mwaka huu, watano mwaka ujao. Mtoto akisoma miaka minne atakuwa amecheza na kila mtu, nyumbani na ugenini. Hilo si gumu. Gumu ni lini."

"Lini?"

"Safari ndefu ziishe kabla ya katikati ya Oktoba. Novemba watu wacheze na majirani zao, wanaoweza kurudi nyumbani kwa mwendo wa saa moja."

Niliona ni jambo la akili kabisa. Lakini bosi alikuwa ameshanunua mpango wa kompyuta. Jamaa aliyetuletea aliingiza viwanja, umbali, tarehe za mahafali, maombi ya televisheni, akabonyeza, na ratiba ikatoka kwenye mashine ya kuchapa kurasa sita. Roslyn alisoma ukurasa wa nne akaketi.

Wiki ya tatu ya Novemba, Ijumaa jioni: Ardmoor ugenini kwa Stallard.

"Rudia," akamwambia yule jamaa.

Akarudia. Ikatoka vilevile. Akabadilisha jambo moja, akarudia. Vilevile. Siku ile waliiendesha mara mia, na mara themanini na tatu ilitoka Ardmoor kwa Stallard, wiki ya tatu ya Novemba. Jamaa alikuwa na maelezo yake, nayo yalikuwa ya kweli: uwanja wa Stallard kuanzia katikati ya Septemba hadi mwisho wa Oktoba unatumika kwa mashindano ya kupanda farasi, televisheni wanataka mechi ya Ijumaa yenye mlima na theluji nyuma yake, na Ardmoor ndio wenye mashabiki wengi. "Hakuna uchawi, mama," akasema akicheka. "Ni namba zinatafuta mahali pa kukaa."

Roslyn hakucheka. Alikunja ule ukurasa akautia mfukoni kana kwamba ni barua yake.

Kuanzia wiki ile hakuwa yule niliyemzoea. Alikuja asubuhi na mapema kabla yetu sote, na nilipofika nilimkuta amekaa mbele ya simu, haandiki wala hasomi. Ikilia alishtuka. Isipolia aliiangalia zaidi. Siku moja, saa nne asubuhi, jua limejaa dirishani, alininyooshea kipokea sauti.

"Sikiliza," akasema. "Niambie unasikia nini."

Nilisikiliza. Ulikuwa mlio wa kawaida wa simu, tiii, basi. Lakini nilisikiliza zaidi ya nilivyokusudia, kwa sababu yeye alikuwa akiniangalia mdomoni, na ilifika mahali nikaona kama chini ya mlio ule kuna kitu kingine, kama injini ya gari kubwa iliyoachwa ikiunguruma mbali. Nikakirudisha mahali pake.

"Hakuna kitu," nikasema.

"Anapumua kwanza," akasema Roslyn. "Halafu anasema, 'Dada, samahani kukusumbua.'"

"Nani?"

Ndipo akaniambia. Sijui kwa nini aliniambia mimi. Labda kwa sababu nilikuwa nimekaa karibu.

Ijumaa ile ya miaka kumi na sita nyuma, saa sita mchana, simu ililia mezani kwake. Alikuwa Orrin Pell, anapiga kutoka kwenye kituo cha mafuta kule Stallard. Alisema, "Dada, samahani kukusumbua. Mimi ni dereva wa Ardmoor. Wenyeji wananiambia kesho asubuhi inakuja theluji mbaya. Mechi ikisogezwa ikachezwa saa nane mchana badala ya jioni, nawatoa watoto mlimani leo hii. Unaweza kuongea na hao wa televisheni?"

"Nikamwambia saa imeshapangwa," alisema Roslyn. "Sikuwapigia, Babiak. Hata sikuwapigia. Nilikuwa na chakula cha mchana mkononi, na nilikuwa nimewabembeleza televisheni miezi minne kupata Ijumaa ile. Nikamwambia, 'Endesheni polepole, mtafika.' Akasema, 'Haya, dada. Asante.' Alinishukuru."

"Umewahi kumwambia mtu?"

"Wachunguzi waliuliza hali ya barabara na matairi. Hakuna aliyeuliza kuhusu simu. Siku ya kwanza nikasema nitasema kesho. Ikapita wiki. Wakachonga jiwe bila jina lake, nikasimama pale kwenye sherehe na maua mkononi. Baada ya hapo ningesemaje?"

Nje, chini yetu, mtu alikuwa akijaribu trekta. Roslyn alisubiri mpaka likazimwa.

"Miaka yote hii nimekuwa nikiiba," akasema. "Nawapindisha Ardmoor, nawapeleka Stallard Septemba kabla ya farasi, au nawaleta Stallard kwao. Hakuna aliyejua. Sasa mashine imeitafuta tarehe ile mpaka imeipata."

Jumapili iliyofuata nilimpeleka hadi mji wa Ardmoor, kwa gari langu. Njiani alinielekeza barabara tu. Delphine Pell aliishi nyumba ndogo ya bluu karibu na ghala la mahindi. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye macho makini, na alipoisikia sauti ya Roslyn mlangoni aliitambua kabla ya kuambiwa jina.

"Wewe ndiye wa ratiba," akasema. "Karibuni. Kahawa iko tayari."

Tulikaa jikoni. Roslyn hakugusa kikombe. Alianza na samahani, Delphine akamkatiza.

"Mwaka huu wanakwenda Novemba, sivyo? Ndiyo maana umekuja mwenyewe. Huwa nauliza ili nijue ni siku gani nisiondoke kwenye redio mpaka basi lirudi. Novemba nitakaa, hata kama ni siku mbili."

"Bi. Pell," akasema Roslyn, "mumeo alinipigia simu."

Akamwambia yote, maneno kwa maneno, hata chakula cha mchana. Hakulia. Mimi nilikuwa nikiangalia kitambaa cha meza kwa aibu ya kuwepo.

Delphine alikisukuma kikombe chake pembeni. Akasema, "Kwa hiyo aliuliza."

"Aliuliza."

"Orrin aliuliza." Akainuka akaenda kwenye sinki akatupa mgongo. "Miaka kumi na sita dukani watu wananipisha njia kama nina ugonjwa. Mama mmoja wa wale watoto alinitemea mate maegeshoni, nikamwachia, nikasema ana haki. Mwanangu alihama mji huu kwa ajili ya jina la baba yake. Na mimi nimelala na hasira kwa marehemu, namuuliza kila siku, kwa nini hukusema kitu, Orrin? Kumbe alisema."

"Nisamehe," akasema Roslyn.

"Sikuombi uniombe msamaha." Aligeuka. Uso wake ulikuwa mwekundu na mkavu. "Mimi umeshaniambia. Kawaambie wao. Na sasa tokeni jikoni kwangu."

Mkutano wa kupitisha ratiba ulifanyika mwanzoni mwa Mei, katika hoteli moja Omaha, mchana kweupe, kwenye chumba kisicho na madirisha. Wakurugenzi wa michezo wa vyuo vyote kumi na vinne walikuwepo. Dwight Oberle wa Ardmoor, kocha wa zamani mwenye shingo kama gogo, na mwenzake wa Grell walianza kutaniana kabla ya kahawa kumiminwa. Grell na Ardmoor wako umbali wa maili kumi na mbili tu, wamecheza kila mwaka tangu mababu zao, Jumamosi ya mwisho ya Novemba, mchana.

"Oberle, mwaka jana mlifunga pointi sita," akasema yule wa Grell. "Mama yangu anafunga zaidi ya hapo kanisani."

"Mama yako ndiye mchezaji pekee mliye naye," Oberle akajibu, na meza nzima ikacheka.

Bosi akaeleza ratiba ya kompyuta. Roslyn akaomba kusema. Alieleza mpango wake: majirani watatu, wengine kwa zamu, safari ndefu ziishe kabla ya katikati ya Oktoba. Marva Tindall wa Stallard, mwanamke mfupi aliyezaliwa kwenye zizi la farasi na haogopi mtu, akamrukia.

"Ngoja kwanza. Kuanzia katikati ya Septemba uwanja wangu una farasi. Ukisema hakuna mtu wa mbali kuja kwangu baada ya hapo, basi mimi ndiye wa kusafiri miaka yote? Vijana wangu ni mizigo?"

"Mnahitaji uwanja mwingine kwa wiki mbili," akasema Roslyn.

"Nitaukopa mbinguni?"

"Na televisheni?" akasema bosi. "Roslyn, hii tumeshaijadili. Wanataka Ijumaa ya Novemba. Stallard na Ardmoor ndiyo wanayoitaka. Kama hakuna sababu mpya, tupige kura."

"Ipo sababu mpya," akasema Roslyn. "Ina miaka kumi na sita."

Akasimama akawaambia. Bosi alisema, "Roslyn, kaa chini, hili ni la wanasheria," akalisema mara mbili, naye akaendelea kwa sauti ileile isiyopanda. Alipofika kwenye "Haya, dada. Asante," Oberle alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya meza na anaiangalia. Oberle ndiye aliyekuwa kocha kwenye basi lile. Alitoka na mguu uliovunjika.

"Orrin aliniambia asubuhi ile tusubiri," akasema Oberle, kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ni yake. "Hoteli haikuwa na vyumba usiku wa pili. Nikamwambia twende. Nikamwambia, 'Mzee, wewe endesha, mimi nitaomba.'" Akaitoa mikono mezani. "Nilidhani ni mimi peke yangu."

Bosi aliketi chini. Kiyoyozi kilikuwa kikivuma ukutani, na naapa sauti ile, kwa dakika moja hivi, ilikuwa ya basi lililosimama na injini yake. Niliwaona wawili watatu wakiinua macho kutazama tundu la hewa. Tindall alivaa koti lake.

Yeye ndiye aliyeanza. "Kuna uwanja wa sekondari mjini kwetu," akasema. "Una viti elfu mbili na choo kimoja. Septemba nitapokea watu hapo. Msije mkalalamika choo."

"Na televisheni?" akasema bosi, safari hii taratibu.

"Wape sisi," akasema Oberle, akimwangalia yule wa Grell. "Ardmoor na Grell. Maili kumi na mbili. Ijumaa jioni, wakitaka."

"Ijumaa!" yule wa Grell akaruka. "Ijumaa wanacheza watoto wa sekondari! Na watu wetu watatuchoma moto. Mechi ile ni Jumamosi mchana tangu babu yangu hajavaa suruali ndefu!"

"Basi watuchome."

Kura zilikuwa tisa kwa tano.

Walituchoma kweli. Magazeti ya Ardmoor na Grell, ambayo hayajawahi kukubaliana hata juu ya hali ya hewa, yaliandika wiki moja kwamba tumeuza mechi ya mababu. Mtu alimwaga maziwa yaliyochacha kwenye ngazi za ofisi. Wazazi wa wale watoto watatu walikuja kumwona Roslyn, mmoja baada ya mwingine, kwa miadi. Sijui walisema nini, mlango ulifungwa. Mama wa kwanza alikaa dakika tatu. Wa tatu, baba mmoja, alikaa mchana mzima, na alipotoka alisahau kofia yake, hakuifuata. Wanasheria walikuja pia. Mwisho wa Juni Roslyn aliacha kazi kabla hajaambiwa aache, na bosi akanipa mimi ratiba kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka.

Agosti walichonga jina la Orrin Pell. Ilibidi wachonge upande wa ubavu wa jiwe, maana mbele hapakuwa na nafasi. Delphine alialikwa. Alikwenda siku moja kabla, peke yake, fundi akiwa bado anafuta vumbi.

Ile Ijumaa ya Novemba nilikwenda Ardmoor kwa kazi, kuangalia waamuzi. Mvua nyembamba ilikuwa ikinyesha, taa za televisheni zimeufanya uwanja mweupe kama chumba cha hospitali, na watu walikuja wote, hata walioapa hawaji. Waliwazomea watu wa kamera, halafu wakasahau. Grell walipofunga kwanza nikasikia matusi ambayo sijayasikia tangu nikiwa shule.

Roslyn alikuwa upande wa mashariki, safu ya juu, amekaa mwenyewe na mwavuli. Nilipanda kumsalimia. Alikuwa amekonda.

"Orrin bado anapiga?" nilimuuliza. Sikujua swali lingine.

"Bado," akasema. "Ila sasa anasubiri nijibu."

"Unamjibuje?"

Hakunijibu, kwa sababu Delphine Pell alikuwa akipanda ngazi, polepole, mkono kwenye reli, amebeba blanketi na mfuko wa karanga. Alimwona Roslyn. Alisimama, watu wakapita pembeni yake kulia na kushoto. Hakumsalimia. Akaingia safu ile ile, akaacha viti vitatu katikati yao, akalitandaza blanketi lake magotini, akaanza kumenya karanga huku macho yake yakiwa uwanjani.

Nilishuka nikarudi kwa waamuzi wangu. Ardmoor walishinda kwa pointi moja. Nilipoangalia juu wakati watu wanaondoka, wale wawili walikuwa bado wamekaa, hakuna aliyesogea kiti, na maganda ya karanga yalikuwa yamefika kwenye kiti cha pili kati ya vile vitatu.